Thomas Peters, sajenti aliyedai ahadi ya mfalme

Wengi wetu tulipofundishwa historia ya Marekani tulisikia habari za upande mmoja tu. Tuliambiwa kwamba makoloni 13 yalichoka na kodi za mfalme wa Uingereza, yakashika silaha mwaka 1775, na George Washington akashinda. Hatukuambiwa kwamba watu maelfu waliozaliwa katika makoloni hayo hayo, au walioletwa huko kwa minyororo, walipigana upande wa mfalme. Wazungu walioshikilia taji la Uingereza walikuwa na vikosi vyao, kama Queen's Rangers na King's Royal Regiment of New York. Watu weusi nao walikuwa na vyao. Leo tunapenda kusimulia maisha ya mmoja wa watu hao weusi. Habari zake zinagusa jambo ambalo makanisa yetu huku mashariki yanaishi nalo: mtu aliyeahidiwa kitu na wakubwa wakati wa vita, kisha vita vikaisha.

Thomas Peters alizaliwa Afrika ya Magharibi karibu na mwaka 1738. Watu wa Freetown husimulia kwamba alitoka kwa Wayoruba. Alitekwa akiwa kijana, akavushwa bahari, na miaka iliyofuata ikamkuta Wilmington, mji wa bandari katika North Carolina, akiwa mtumwa wa mtu aitwaye William Campbell. Alikuwa fundi wa vinu vya kusaga. Mtumwa mwenye ufundi wa namna hiyo ana thamani kubwa kwa bwana wake, na kwa sababu hiyo hiyo bwana hamwachi aende. Campbell mwenyewe alikuwa miongoni mwa raia wa Wilmington waliopaza sauti wakidai uhuru mbele ya mfalme. Tunaweza kuwaza jinsi Peters alivyosikia neno hilo, uhuru, likitamkwa mezani na watu waliommiliki.

Mlango ulifunguliwa na maadui wa Campbell. Novemba 1775, gavana wa Virginia, Lord Dunmore, alikuwa amefukuzwa mjini akakaa juu ya meli. Akatangaza kwamba kila mtumwa wa waasi atakayeweza kubeba silaha na kuja kwake atakuwa huru. Tuseme ukweli, Dunmore hakuwa mtetezi wa watumwa. Yeye mwenyewe alikuwa nao, na tangazo lake halikuwahusu watumwa wa watu waliomtii mfalme. Alihitaji askari na alitaka kuwavunja nguvu waasi. Hata hivyo watu walikuja usiku kwa mitumbwi, wanaume pamoja na mama zao na watoto. Akaunda kikosi kilichoitwa Ethiopian Regiment. Karibu watu 800 waliingia humo, lakini ndui iliwaua wengi zaidi kuliko risasi, na katikati ya mwaka 1776 kikosi hicho kilikuwa kimekwisha.

Katika majira hayo meli za Waingereza zilifika kwenye mdomo wa mto Cape Fear, karibu na Wilmington. Wenyeji wengi walikimbia, na katika msukosuko huo Peters aliondoka kwa Campbell akaenda kwa Waingereza. Jenerali Henry Clinton aliwakusanya wakimbizi weusi akaunda kikosi cha Black Pioneers, maana yake wale wanaotangulia jeshi kufungua njia. Walikula kiapo. Waliahidiwa kulishwa, kuvikwa na kulipwa, na vita vikiisha wangekuwa watu huru. Maafisa walikuwa Wazungu, lakini masajenti na makoplo walitoka kati yao wenyewe. Peters akawa sajenti.

Kazi yao haikuwa ya kuimbiwa. Walichimba mahandaki, walijenga ngome, walikata miti, walibeba. Jeshi lilipokaa Philadelphia, wao ndio waliopewa kazi ya kusafisha barabara na kuondoa uchafu. Mara chache walipewa bunduki, ila mizinga ya adui haimwulizi mtu kama ameshika bunduki au koleo. Peters alijeruhiwa mara mbili. Katika kambi alioa mwanamke aitwaye Sally, naye mkimbizi, aliyetoroka utumwa katika South Carolina.

Tumtaje kidogo rafiki yake, sajenti Murphy Steele, kwa sababu habari yake inaonyesha moyo wa watu hao. Mwezi wa 8 mwaka 1781, Steele alikwenda kwa wakubwa wa jeshi mjini New York akasema kwamba amesikia sauti, tena si mara moja. Sauti ilimwagiza ampelekee Clinton ujumbe: amwambie Washington ajisalimishe pamoja na jeshi lake, la sivyo Mungu atashuka kupigana naye. Maneno hayo yaliandikwa na karani wa jeshi. Miezi miwili baadaye waliojisalimisha walikuwa Waingereza, kule Yorktown. Hatujui Steele alielewa vipi jambo hilo. Mwenye kutoa unabii wakati wa vita na aisome habari hiyo polepole.

Basi ikaja amani, na kwa watu weusi amani ilikuwa hatari kuliko vita. Kifungu cha 7 cha mapatano kilisema Waingereza wataondoka bila kuchukua watumwa wala mali nyingine ya Wamarekani. Mabwana wakaanza kuingia New York kuwatafuta watu wao, wakiwakamata njiani na hata vitandani. Boston King, ambaye baadaye alikuwa mhubiri wa Kimethodisti, aliandika kwamba wakati ule watu walipoteza hamu ya kula na usingizi uliwatoka. Jenerali Guy Carleton, aliyechukua nafasi ya Clinton, alikataa kuwarudisha. Mwezi wa 5 mwaka 1783 alikutana na Washington, naye Washington alidai watu warudishwe. Carleton akajibu kwamba heshima ya taifa lake imewekwa rehani katika ahadi ile, na waliokuja kabla ya mapatano si mali ya mtu tena. Akaagiza majina yaandikwe katika daftari, ili kama malipo yatadaiwa, yadaiwe kwa pesa na si kwa watu. Daftari hilo lipo hadi leo. Lina majina 3,000 hivi, na kwa kila mtu umri, umbo la mwili na jina la bwana aliyemkimbia. Thomas Peters ameandikwa humo akiwa na miaka 45. Humo pia mna Harry, aliyekuwa mtumwa wa Washington mwenyewe.

Peters na familia yake walipanda meli ya Joseph James mwishoni mwa 1783. Dhoruba iliisukuma meli hadi Bermuda, wakakaa huko majira ya baridi, na mwaka 1784 wakafika Annapolis Royal katika Nova Scotia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Kanada.

Hapa tunapenda kukaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo ahadi ilipopimwa. Watiifu wote wa mfalme waliopoteza makao yao, weupe kwa weusi, walikuwa wameahidiwa shamba na chakula cha miaka mitatu mpaka waweze kujilisha. Wapimaji wa ardhi wakaanza na maafisa, kisha askari weupe, kisha raia weupe. Watu weusi walikuwa wa mwisho. Wengi hawakupata chochote. Waliopata walipewa vipande vidogo vyenye mawe na misitu. Peters na wenzake waliwekwa karibu na Digby, mahali palipoitwa Brindley Town, wakapewa viwanja vya kujengea vibanda, na chakula cha muda mfupi tu. Sehemu ya chakula hicho walilazimishwa kukilipa kwa kutengeneza barabara. Majira ya baridi ya nchi hiyo ni theluji ya miezi, na mtu asiye na shamba alijikuta akifanya kazi kwa jirani Mzungu kwa ujira mdogo, akiwa na mkataba usio mbali sana na utumwa alioukimbia. Kule Shelburne, mwaka 1784, askari weupe walioachishwa jeshi waliwashambulia watu weusi kwa kisa cha kukubali ujira mdogo, wakabomoa nyumba zao karibu 20. David George, mchungaji wa Kibatisti, alipigwa akafukuzwa hadi kwenye kinamasi. Mwaka 1789 ikaja njaa. Boston King anasimulia kwamba watu walikula mbwa na paka wao, na wengine walianguka njiani wakafa.

Wakati huo makanisa yao ndiyo yaliyowashika pamoja. Wamethodisti walikuwa na Moses Wilkinson, mhubiri kipofu tena asiyeweza kutembea vizuri, ambaye watu walimbeba mpaka mahali pa ibada. Wabatisti walikuwa na David George. Hakuna serikali iliyowapa watu hao uongozi, waliupata katika vikundi vya maombi.

Peters hakuwa mchungaji. Alikuwa sajenti, akafanya kama sajenti afanyavyo: alipeleka malalamiko kwa ngazi ya juu yake. Mwaka ule ule wa 1784 yeye na Steele walimwandikia gavana John Parr, wakamkumbusha kiapo chao na ahadi waliyopewa. Hawakupata shamba. Peters alivuka akaenda New Brunswick, akaandika tena. Miaka sita ilipita hivyo. Ndugu wanaosoma habari hii wakiwa na karatasi zao za usajili mfukoni watamwelewa bila sisi kueleza.

Mwaka 1790 akachukua uamuzi ambao ulikuwa mgumu kuliko wote. Familia zaidi ya 200 za Nova Scotia na New Brunswick zilimpa mamlaka ya kusema kwa niaba yao, naye akapanda meli kwenda London kumwona waziri wa mfalme. Alikuwa na miaka zaidi ya 50, hana pesa, hana elimu ya shule. Nahodha mbaya angeweza kumwuza njiani. Tunapomwaza hapo tunamkumbuka Paulo mbele ya Festo, alipoona kwamba hatapata haki pale alipo akakata rufani kwa Kaisari.

London alimpata Clinton, jenerali wake wa zamani, na Clinton, kwa heshima yake tulitaje, hakumkana. Alimwandikia barua za kumtambulisha. Alikutana pia na Granville Sharp, Mkristo aliyepigana kwa miaka mingi dhidi ya utumwa katika mahakama za Uingereza. Ombi la Peters lilifika kwa waziri William Grenville. Lilieleza kwa unyenyekevu, lakini bila kuficha, kwamba watu waliomtumikia mfalme hawajapewa ardhi, na kwamba wako tayari kupokea shamba huko huko au kupelekwa popote watakapopata haki kama raia wengine.

Sharp na wenzake walikuwa wakitafuta watu. Mwaka 1787 walikuwa wamepeleka maskini weusi wa London katika pwani ya Sierra Leone, na kijiji hicho kilikuwa kimekufa kwa magonjwa na kwa kuchomwa moto na mtawala wa jirani. Sasa waliunda kampuni, Sierra Leone Company, chini ya Henry Thornton, na William Wilberforce akiwa miongoni mwa wakurugenzi. Serikali ikakubali kulipa safari. Kampuni ikatangaza kwamba kila mwanamume atapata ekari 20, mke wake 10, na kila mtoto 5.

Ahadi nyingine, basi. Peters alirudi nayo Nova Scotia mwaka 1791. Pamoja naye alitumwa John Clarkson, ofisa kijana wa jeshi la majini mwenye miaka 27, mcha Mungu wa kweli, ndugu yake Thomas Clarkson mpinga utumwa. Walioishi kwa jasho la watu weusi hawakufurahi kuona wafanyakazi wa bei ndogo wanaondoka. Walieneza uvumi kwamba watu watauzwa tena wakifika Afrika, na kule Digby Peters alipigwa akaangushwa chini na Mzungu mmoja. Hata hivyo watu walitoka. Wachungaji waliondoka na makanisa yao mazima. Tarehe 15 mwezi wa 1 mwaka 1792 meli 15 ziliondoka Halifax zikiwa na watu karibu 1,190. Wapata 65 walikufa baharini. Mwezi wa 3 waliobaki walishuka pwani ya Sierra Leone, wakaanza kufyeka msitu mahali palipoitwa Freetown, mji wa uhuru. Baadhi yao, kama Peters, walikuwa wamezaliwa Afrika. Walirudi katika bara walilotolewa kwa minyororo.

Neno moja la pembeni kabla ya kuendelea: nchi ile haikuwa tupu. Ilikuwa ya Watemne, na mfalme wao Naimbana alikuwa ameweka alama yake kwenye mkataba ambao pande mbili hazikuuelewa sawasawa. Haki ya Peters ya kupewa shamba ilitimizwa juu ya ardhi ya watu wengine. Sisi tunaoishi katika milima ambako kila shamba lina madai mawili hatuwezi kulipita jambo hilo kimya.

Freetown Peters alidumu miezi mitatu na nusu tu, na ilikuwa miezi michungu. Alikuwa ndiye aliyevuka bahari, ndiye aliyefungua mlango, lakini Kampuni ilimweka Clarkson kuwa mkuu. Mvua zilikuwa zinakuja, ardhi haijapimwa, Wazungu wa Kampuni wanagombana na kulewa, na watu wanalala chini ya maturubai. Waliomsikiliza Peters walikuwa wengi, hasa kati ya Wamethodisti. Zaidi ya watu 100 waliweka majina yao kwenye karatasi wakitaka yeye awe msemaji wao. Clarkson aliiona karatasi hiyo kuwa uasi. Siku ya Pasaka, tarehe 8 mwezi wa 4 mwaka 1792, alipiga kengele, akawakusanya watu chini ya mti mkubwa, akamwambia Peters mbele ya wote kwamba huenda mmoja wao wawili atanyongwa kwenye mti ule kabla mambo hayajaisha. Siku ya Pasaka! Tumeisoma habari hiyo mara kadhaa, na kila mara tunawaza wale watu waliotoka ibadani asubuhi.

Watu walinyamaza. Wengi walimpenda Clarkson, kwa sababu kweli aliwajali kuliko Wazungu wote waliowajua. David George alisimama upande wake na kumwonya juu ya njama. Hatumlaumu mchungaji George: alikuwa na kundi la kulisha na aliogopa damu. Lakini hatukubali pia kwamba Peters alikuwa mwasi kwa sababu tu alitaka watu wachague wenyewe wa kuwasemea. Kwamba alitamani pia cheo, hilo tunaamini. Mtu anaweza kuwa na haki na tamaa katika moyo mmoja, na viongozi wetu wa kanisa wanalijua hilo kuliko wengine.

Mwezi wa 5 alishtakiwa kwamba amechukua vitu katika sanduku la marehemu. Alijitetea kwamba marehemu alikuwa na deni lake tangu zamani. Baraza la wazee wa mashitaka, watu weusi wenzake, lilimwona na hatia, akakemewa na kuamriwa arudishe. Jina lake likashuka. Alitembea bado kutoka mkutano hadi mkutano wa maombi akisema juu ya ardhi. Kisha homa ikamshika kama ilivyowashika wengi mwaka ule, na usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 mwezi wa 6 akafa. Alimwacha Sally na watoto, na shamba lake lilikuwa bado halijapimwa.

Clarkson aliondoka mwisho wa mwaka huo kwa likizo, na Kampuni haikumrudisha. Alipokuwa Nova Scotia aliwaahidi watu kwamba hawatalipa kodi ya ardhi. Kampuni ikaidai. Badala ya ekari 20, watu walipewa kwanza kama sehemu ya tano yake. Mwaka 1793 walituma wajumbe wawili London, Cato Perkins na Isaac Anderson, kwa njia ile ile aliyoifungua Peters, nao hawakusikilizwa. Mwaka 1800 baadhi ya walowezi waliweka sheria zao wenyewe, na Kampuni ikawazima kwa silaha. Anderson alinyongwa. Harry Washington, yule aliyeandikwa katika daftari la New York, alifukuzwa mjini akapelekwa ng'ambo ya maji, pwani ya Bullom, na huko watu waliofukuzwa pamoja naye wakamchagua kuwa kiongozi wao.

Wajukuu wa walowezi hao, waliochanganyika na Waafrika wengine waliookolewa kutoka meli za utumwa, ndio Wakrio wa leo. Mji wao una sanamu ya Thomas Peters. Mti mkubwa wa msufi wa Freetown, ambao kwa mapokeo yao ndio walowezi walikusanyika chini yake kumshukuru Mungu waliposhuka, ulisimama mpaka mwezi wa 5 mwaka 2023, ulipoangushwa na dhoruba.